Fruity: programu ya Kibelgiji iliyozaa biti za Afrika

Sint-Martens-Latem, kijiji kilicho karibu na mji wa Ghent huko Ubelgiji, kilikuwa na sifa ya wachoraji. Hapo ndipo Jean-Marie Cannie na Frank Van Biesen walipoanzisha Image-Line mwaka 1994. Muziki haukuwa biashara yao. Walitengeneza michezo ya kompyuta, ukiwemo mmoja wa kupanga matofali uliopambwa kwa picha za uchi, ambao siku hizi kampuni haina haja ya kuutangaza.

Mtunzi wao wa programu, Didier Dambrin, ndiye aliyebuni FruityLoops, iliyotoka Desemba 1997. Programu hiyo ilifanya kazi kwa njia nyepesi: kila ngoma ina safu ya vitufe 16, unabonyeza pale unapotaka ilie, programu inazunguka bila kuchoka. Asiyejua kusoma noti alipata biti ndani ya dakika chache. Wenye studio kubwa waliiona kama kichezeo, na jina halikusaidia, maana huko Marekani Kellogg's walikuwa na nafaka za watoto ziitwazo Froot Loops. Mwaka 2003 ikabatizwa FL Studio. Mwaka huohuo 9th Wonder, aliyekuwa akiitumia, aliingiza biti yake kwenye albamu ya Jay-Z, The Black Album, na dharau ikapungua.

Mimi naona ujanja mkubwa zaidi wa Image-Line uko kwenye bei. Ukinunua mara moja, matoleo yote yanayofuata unayapata bure maisha yako yote. Kweli, wengi hawakulipa hata hiyo mara moja, nakala za wizi zilitembea kwa flashi kila mahali. Lakini hivyo ndivyo kizazi kizima cha maprodyuza wenye kompyuta moja chumbani kilivyojifunza kazi, na wengi bado wanaiita Fruity.

Ndani ya FL Studio kuna kinanda cha kidijitali kiitwacho DX10, chenye sauti ya kuigiza ngoma ya gogo. Maprodyuza wa Gauteng, Afrika Kusini, akitajwa hasa MDU aka TRP, waliishusha chini kabisa na kuigeuza besi. Ndiyo inayotikisa spika kwenye amapiano, muziki ambao Bongo ilikwisha kuupokea kwa mikono miwili Diamond Platnumz alipotoa “Iyo” mwaka 2021 akiwa na Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi.