Mwafrika wa Exeter na jina lake

Katika makumbusho ya Royal Albert Memorial, mjini Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, imo picha ya rangi ya kijana Mwafrika aliyevaa koti jekundu. Hakushika sinia la matunda wala hakusimama nyuma ya bwana wake, kama walivyozoea kuchorwa Waafrika wa zama hizo. Yuko peke yake, naye ndiye picha.

Makumbusho yaliipokea mwaka 1943. Kwa miaka mingi ikasemwa kuwa ni Olaudah Equiano, aliyetoka utumwani na kuchapisha kisa cha maisha yake London mwaka 1789, na uso huo ukapamba majalada ya vitabu. Lakini mshono wa nguo ni wa mwishoni mwa miaka ya 1750, na Equiano, kwa maelezo yake mwenyewe, alizaliwa yapata 1745. Wakati huo alikuwa mvulana, mtumwa katika manowari za Kiingereza. Isitoshe, kitabu chake kina sura yake mwanzoni, wala haifanani na hii.

Wataalamu wengine wakamgeukia Ignatius Sancho, mtumishi wa nyumba ya Montagu, ambaye barua zake zilichapwa mwaka 1782, baada ya kufa kwake. Umri unaelekea. Hata hivyo Sancho alichorwa na Gainsborough mjini Bath mwaka 1768, na picha hiyo ipo Ottawa. Nikizitazama hizo mbili sambamba, moyo wangu haukubali. Tena nashuku sababu ya majina hayo mawili kutajwa. Waafrika walioishi Uingereza karne ile walikuwa maelfu, nasi twawajua wachache tu. Basi kila uso usio na jina huvutwa kwa hao wachache, na mwenyewe akapotea mara ya pili.

Ahmad bin Naaman hakupatwa na hayo. Alifika New York mwaka 1840 na jahazi la Sayyid Said, al-Sultana, Edward Mooney akamchora, na jina lake halijatenganishwa na picha hiyo. Alikuwa mjumbe wa mfalme. Waliompokea walikuwa na haja ya kumwandika.

Katika picha za ukoo wetu nayaona yote mawili. Kila mzee wa kilemba asiyeandikwa nyuma ya picha huambiwa ni yule babu aliyekuwa kadhi, hata nimekwisha kuhesabu makadhi watano wenye pua mbalimbali. Na katika picha iliyopigwa Unguja yuko mwanamke aliyesimama nyuma ya watoto, mkono wake begani mwa bibi yangu. Yeye hakupewa hata jina la kubahatisha. Huitwa “yaya,” basi. Wazee wawili niliowauliza wamenitajia majina mawili tofauti, nami sikuandika lolote kati ya hayo chini ya picha. Nimeandika: mwanamke, Unguja, jina linatafutwa.

Jamaa mlioko Maskati na Mombasa, aliye na shangazi au bibi angali hai na amwoneshe picha hii, asimtajie jina kwanza.