Komredi, kabla ya ilani mpya pita kwanza Isimani

Kuna jamaa yangu hapa Mbeya, mkazi wa Mwanjelwa, anayejiita mkomunisti. Siyo mjamaa, maana anasema neno hilo limeshavaliwa na kila mtu mpaka limepauka. Mkomunisti. Ana kaunta buku ambalo haliachi nyumbani, na humo ndani anaandika ilani mpya ya kisiasa. Ile ya akina Marx, anasema, haikumjua dereva wa bodaboda wala mama muuza ndizi wa Uyole. Ameshajaza kurasa arobaini na ushee. Nilimuuliza anaandika kwa lugha gani. Akasema kwa Kiingereza, tutatafsiri baadaye.

Ndugu msomaji, mimi simcheki. Vijana wengi wa umri wetu wanaandika barua za kuomba kazi, huyu anaandika namna ya kuibadili dunia. Halafu hata umri si tatizo. Ilani ya Chama cha Kikomunisti ilipotoka London Februari 1848, Marx alikuwa na miaka 29 na Engels 27. Kijitabu chenyewe kilikuwa na kurasa 23 tu. Nacho kiliandikwa kwa Kijerumani, lugha ya wale mafundi na vibarua waliokiagiza. Neno hilo la lugha lishikeni, maana nitalirudia.

Hapa kwetu tumewahi kuwa na vijana wa namna hiyo, na habari yao inapita Iringa, inagusa Mbeya, inafika mpaka Sumbawanga. Nimekuwa nikiichimba kwa muda katikati ya habari za baraza la madiwani na bei ya mahindi, ambazo ndizo zinazonilipa.

Tuanzie Mlimani. Mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, wanafunzi wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha umoja wao wa kimapinduzi, ukijulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, USARF. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Naam, huyo huyo aliyeingia Ikulu ya Kampala mwaka 1986. Walikuwemo Watanzania, Waganda, Wakenya, Wamalawi na wengine. Walisoma Lenin na Fanon usiku, na mchana waliwasumbua wahadhiri. Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa akifundisha pale na alikaa nao kama kaka mkubwa.

Novemba 1969 wakatoa jarida, wakaliita Cheche. Jina lilikuwa na wazazi wawili: Iskra, gazeti la akina Lenin, na lile gazeti la Nkrumah lenye jina la maana hiyo hiyo. Wahariri walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye, mwaka 2006, alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa serikali ya CCM. Maisha yana vituko vyake.

Septemba 1970 Cheche likatoa toleo maalumu lililobeba andiko moja refu la Issa Shivji, kijana mzaliwa wa Kilosa, miaka 24, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya sheria. Aliliita, kwa Kiingereza, mapambano ya kimya ya kitabaka. Kama kuna ilani ya kijana iliyowahi kuandikwa nchi hii, basi ndiyo hiyo, ingawa yeye hakuiita ilani. Hoja yake, kwa ufupi wa kigazeti: kutaifisha siyo ujamaa. Mabenki na viwanda vimetaifishwa, sawa, lakini mashirika ya umma yameingia mikataba ya uendeshaji na makampuni yale yale ya kigeni, na wakurugenzi ni wale wale wanaozunguka kutoka bodi hii kwenda bodi ile. Halafu kuna tabaka linalokua ndani ya ofisi za serikali yenyewe.

Wala hakulala kwenye maneno matupu. Alitaja mashirika, akataja makampuni, akaonesha nani ana hisa wapi. Ndiyo maana liliuma. Mwandishi wa habari yeyote analisoma kwa wivu.

Novemba 1970 amri ikatoka: USARF ivunjwe, Cheche life. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba chuoni tayari kuna tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, na kwamba jina la Cheche linanuka itikadi ya kigeni. Vijana hawakuchoka. Januari 1971 wakaibuka ndani ya tawi hilo hilo la TANU na jarida jipya, Maji Maji. Nani angethubutu kusema Kinjekitile ni Mrusi?

Sasa angalia kilichofuata. Februari 1971, miezi mitatu tu baada ya vijana kufungiwa jarida lao, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo. Kilichowasukuma ni hofu ya kweli: Wareno walikuwa wameivamia Guinea Novemba 1970, na Januari 25, 1971 Idi Amin akampindua Obote hapo jirani. Ukiuweka Mwongozo kando ya andiko la Shivji, utaona kwamba la Shivji ndilo lenye uchambuzi. Mwongozo una mengi ya kushtua mabeberu, una mgambo, una chama kushika hatamu. Lakini una ibara ya 15, inayomkataza kiongozi kujifanya bwana, kudharau na kuonea walio chini yake. Na umeandikwa kwa Kiswahili.

Hiyo ibara ya 15 ilifanya kazi ambayo hakuna toleo la Cheche liliwahi kuifanya. Wafanyakazi viwandani waliishika kichwani. Meneja akimtukana mtu, watu wanazima mashine na kumsomea ibara. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifumuka kiwanda baada ya kiwanda, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 20,000. Kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, Juni 1973 wafanyakazi walikichukua kiwanda chenyewe wakaanza kukiendesha. Hata Mlimani, Julai 1971, wanafunzi waliutupia uongozi wa chuo Mwongozo usoni, na kiongozi wao, Symonds Akivaga, akarudishwa kwao Kenya. Waliouandika Mwongozo walishtuka kuona umesomwa kweli.

Basi hapo ndipo ninapombana komredi wangu wa Mwanjelwa. Hii "tutatafsiri baadaye" mimi siiamini. Maneno yalikuwepo: unyonyaji, mirija, kupe, kabaila, bwanyenye, tabaka. Azimio la Arusha lilikuwa limeyatembeza mpaka vilabuni. Vijana wa Mlimani waliandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha waliyofundishiwa na kwa sababu nusu ya makomredi walitoka nje, hilo naelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mjadala mkali kabisa kuhusu mfanyakazi na mkulima wa Tanzania uliendeshwa katika lugha ambayo mfanyakazi na mkulima hawakuijua.

Mkulima ndiye hasa aliyesahaulika. Tuondoke Mlimani sasa, tupande huku juu.

Isimani iko kaskazini ya mji wa Iringa, ukiishika barabara ya Dodoma. Ni eneo kavu kuliko Mufindi, la ardhi pana. Kuanzia miaka ya 1940 na 1950 watu walimiminika huko kufyeka pori na kulima mahindi. Wenye bahati au ujanja walipata matrekta, wakapanua mashamba, wakaajiri vibarua. Wenye vishamba vidogo waliwakodi matrekta, na njaa ilipobisha walienda kuwalimia. Yaani lile tabaka ambalo vitabu vya Mlimani vilikuwa vikilitafuta lilikuwepo pale, likinukia mafuta ya dizeli. Ila ubepari huu ulikuwa wa ajabu kidogo. Bepari mwenyewe alikuwa jirani yako, pengine ndugu wa mkeo, na wengi wao walianza na jembe la mkono kama wewe.

Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi mwenye shahada ya udaktari na mtu wa siasa kwa moyo wote. Aliiona Isimani kama mahali pa kuthibitisha Azimio: mashamba makubwa yaingie kwenye vijiji vya ujamaa, na upesi. Siku ya Krismasi, Desemba 25, 1971, alikwenda shambani kwa mkulima mmoja mwenye trekta, Said Mwamwindi. Walibishana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi akamuua, kisha akaupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akaendesha mpaka polisi Iringa mjini, akajisalimisha.

Mahakamani utetezi wake ulikuwa kwamba alichokozwa, kwamba alitukanwa pale pale shambani kwake. Mahakama haikuukubali. Mwaka 1972 alihukumiwa kifo, na baadaye akanyongwa.

Nimesoma watu wakiieleza kesi hii kwa namna mbili. Wengine wanasema kulaki alimuua mwanamapinduzi. Wengine wanasema mnyonge alimjibu dikteta. Mimi naona zote mbili ni za kivivu. Mwamwindi hakuwa mnyonge, na vibarua wa Isimani wangekuambia hivyo. Lakini angalia utetezi wake ulihusu nini. Ulihusu kiongozi kumdharau mtu. Ni ibara ya 15 ile ile, safari hii mikononi mwa mwenye trekta, na hakuna aliyekuwa ameandika ilani ya kusema itakuwaje hali hiyo ikitokea.

Na uchambuzi? Ulikuja, tena mzuri. Oktoba 1972 jarida la Maji Maji lilitoa toleo maalumu la Adhu Awiti kuhusu mapambano ya kitabaka vijijini, likiwa limejengwa juu ya utafiti wa Isimani. Humo ndimo unapoona nani alimiliki nini na nani alimlimia nani. Ndiyo kazi ambayo ingepaswa kuwepo mezani kabla mtu hajapanda gari kwenda kuwaambia watu watoe mashamba. Ilitoka miezi kumi baada ya mazishi. Kwa Kiingereza.

Huku kwetu Mbeya hadithi ilikuwa na sura nyingine kabisa, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu haina risasi. Mwaka 1973 Mholanzi mmoja, Thoden van Velzen, alichapisha utafiti wake kuhusu wilaya ya Rungwe. Alichokikuta ni kwamba mabwana shamba na maofisa wengine wa serikali walikuwa marafiki wa wakulima matajiri. Walitembeleana, walipeana pombe na chakula, na huduma za serikali zilifuata njia hiyo hiyo ya urafiki. Mkulima mdogo alibaki kuambiwa ni mvivu. Kwa hiyo Isimani dola na tajiri walipigana, Rungwe walikula sahani moja. Nchi ile ile, chama kile kile. Ilani gani ya kurasa arobaini inaweza kubeba zote mbili kama mwandishi wake hajakaa Isimani wala hajakaa Tukuyu?

TANU yenyewe ilikutana Iringa Mei 1972, miezi mitano baada ya Klerruu kuuawa, ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Ukilisoma unakuta matuta, mbolea, jembe la kukokotwa na ng'ombe, umwagiliaji. Mashauri mazuri ya bwana shamba. Kuhusu nani amlimie nani, chama kilichokuwa mkoani humo humo kilikaa kimya. Baada ya hapo mashamba makubwa ya Isimani yakaingizwa vijijini na mavuno yakaporomoka, ikaja Operesheni Vijiji nchi nzima, ukaja ukame, na kufikia 1974 na 1975 taifa lilikuwa linanunua nafaka nyingi kutoka nje.

Waandishi wa Cheche walitawanyika. Shivji alibaki Mlimani, andiko lake likachapishwa tena mwaka 1973 pamoja na majibu ya wakosoaji wake, na mwaka 1976 akatoa kitabu kamili juu ya matabaka Tanzania. Hirji alibaki kufundisha hisabati, mpaka alipoandika makala kali kuhusu elimu kwenye Maji Maji mwaka 1973. Muda si mrefu akajikuta amehamishiwa Sumbawanga, kwenye ofisi ya mipango ya Mkoa wa Rukwa, mkoa uliokuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Mbeya na Tabora mwaka 1974. Kwa wakubwa wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa adhabu. Kwetu sisi wa huku ni nyumbani tu, lakini ndiyo hivyo.

Komredi wangu nimemwonesha haya yote. Amekasirika kidogo, kisha ameomba kuazima hiyo Maji Maji ya Awiti. Nimempa nakala ya nakala, herufi zimefifia.

Isimani bado wanalima mahindi. Na Iringa mjini kuna chuo cha ualimu chenye jina la Klerruu, ambako maelfu ya walimu wa nchi hii wamepita.