Samaki wa madimbwi ya kusini: Namna ya kumtambua na kumfuga

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

ANAYETAFUTA samaki adimu wa kufuga nyumbani huwaza kwanza wa mbali, kama piranha wa mto Amazon. Ilhali ukanda wa kusini mashariki mwa Tanzania, zilipo wilaya za Nachingwea na Ruangwa, una samaki wa ajabu zaidi, ambaye uhai wake wote hupita ndani ya dimbwi la msimu mmoja wa mvua.

Wataalamu humwita Nothobranchius. Jamii hiyo ina spishi zaidi ya 80, zote za Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi. Wengi hawazidi sentimita 7 kwa urefu.

Makazi yake ni madimbwi ya mabonde yenye udongo mzito wa mfinyanzi, ambayo hujaa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka na kukauka baada ya masika. Maji yanapokauka samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope lililopasuka kwa jua. Mvua ikirudi, huanguliwa. Ndiyo maana samaki huonekana mahali palipokuwa vumbi, na baadhi ya watu hudhani wameanguka na mvua.

Ukuaji wao ni wa haraka mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Nothobranchius furzeri wa Msumbiji ulionyesha kuwa anaweza kupevuka kwa siku 14 tu.

Kumtambua

Dume ndiye mwenye rangi: nyekundu, buluu au manjano, kwa kutegemea spishi. Mtazamaji achunguze mkia, mapezi ya mgongoni na ya chini, pamoja na kingo za magamba. Jike huwa na rangi ya kijivu au kahawia, na majike ya spishi mbalimbali hufanana sana. Jike mwenye madoa meusi mwilini huashiria Nothobranchius melanospilus, aliyetajwa kisayansi mwaka 1896 na ambaye hupatikana katika ukanda wa pwani.

Spishi nyingine ni Nothobranchius ruudwildekampi wa kusini mashariki mwa Tanzania, aliyepewa jina hilo mwaka 2009. Ndugu zake ni Nothobranchius korthausae wa kisiwa cha Mafia na Nothobranchius guentheri wa Unguja.

Kwa kuwa spishi mbili zaweza kuishi katika dimbwi moja, mfugaji hana budi kuandika jina la kijiji, dimbwi na tarehe aliyowapata. Samaki wa madimbwi tofauti wasichanganywe, hata wakifanana.

Kumfuga

Dume mmoja na majike wawili au watatu hutoshwa na tangi la kioo la lita 20, lenye mfuniko kwa sababu samaki hao huruka. Maji ya bomba yaachwe wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Joto la nyuzi 22 hadi 26 linafaa. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita 10 husaidia kuzuia ugonjwa wa vidoa vya ngozi, ambao huwaua kwa wingi.

Chakula chao ni wadudu hai wa majini, wakiwamo viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi visivyoliwa viondolewe kabla havijageuka mbu.

Ili watage, huwekewa bakuli lenye unga wa makumbi ya nazi uliochemshwa na kusuuzwa. Baada ya wiki moja au mbili unga huo hukamuliwa hadi ubaki na unyevu kidogo, kisha hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye tarehe. Huhifadhiwa gizani kwa miezi miwili hadi sita, kwa kutegemea spishi, kisha humwagiwa maji ya baridi kiasi. Vifaranga huanza kuonekana baada ya saa chache.

Mfuko mmoja usifunguliwe wote kwa mara moja. Mayai mengine huchelewa kwa makusudi ya maumbile, ili mvua ya uongo isiangamize kizazi chote.

Hatari

Tahadhari hiyo ya maumbile haifui dafu dimbwi linapofukiwa kwa barabara, linapogeuzwa shamba au kuingiwa na viuatilifu. Kizazi kijacho kimo chote katika tope hilo. Spishi kadhaa za jamii hii zimo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Anayetaka kuwavua au kuwasafirisha nje ya nchi aanzie kwa ofisa uvuvi wa wilaya, kwani uvuvi husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Samaki waliofugwa, wa kigeni au wa hapa nchini, wasimwagwe dimbwini kamwe. Samaki mmoja mlafi atosha kumaliza ukoo uliovumilia viangazi vingi.