Reli ya Kwenda Kupunga Upepo

Ukisimama stesheni ya Manyoni au Itigi, hapa mkoani Singida, reli unayoiona ni ya kazi: mizigo, magunia, abiria wenye safari ndefu ya Tabora na Kigoma. Lakini treni ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania haikuwekewa njia kwa ajili ya magunia. Ilimpeleka mfalme ufukweni kupumzika.

Mfalme huyo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Kusini mwa mji, huko Chukwani, alikuwa na kasri lililosifika kwa hewa yake nzuri. Mwaka 1879 ikatandikwa reli ya kama kilomita 11 kutoka mjini hadi huko. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaja injini ya mvuke. Barghash alipofariki, reli ikaachwa.

Aliyeishi Mji Mkongwe wakati wa kaskazi anajua kwa nini wenye nacho walihama. Nyumba za mawe zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na joto likishaingia halitoki. Kwa hiyo waliokuwa na uwezo walijenga nje ya mji, baharini. Baba yake Barghash, Sayyid Said, alitangulia kwa kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji. Hapo ndipo alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, Salme anausimulia ua wa Mtoni uliojaa tausi, paa, mbuni na heroe wakitembea huru, na roshani ya mviringo iliyoelekea bahari, alikokaa baba yake. Barghash naye akaongeza kasri la Marhubi, lililoungua mwaka 1899. Nguzo zake nene bado zimesimama.

Raha hiyo ilikuwa na walioilipia. Utajiri wa makasri ulitoka kwenye karafuu na biashara ya pembe na watu, na mashamba ya karafuu yalilimwa kwa jasho la watumwa, wengi wao wakiwa wameswagwa kutoka bara. Upepo wa Mtoni ulikuwa mtamu kwa aliyeketi roshani. Aliyechuma karafuu juani hakuambiwa apumzike. Tukizitazama nguzo za Marhubi, tuwakumbuke na hao.

Mwaka 1905 mambo yaligeuka kidogo. Kampuni ya Kimarekani ilifungua reli nyingine, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita kwenye mitaa myembamba, karibu kabisa na milango ya nyumba. Safari hii hapakuwa na mfalme wa kusubiriwa. Mwenye nauli alipanda, na pwani ile ile ya makasri ikafikika kwa mtu wa kawaida. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili, Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ile iliyokuja kuvuka Manyoni na Itigi na kufika Kigoma mwaka 1914. Ya Bububu haikufika hata mwaka 1930. Barabara na magari viliimaliza.

Sisi wa Singida hatuna bahari. Tuna Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi pembeni mwa mji, yamezungukwa na majabali ambayo jioni hubaki na joto la mchana. Heroe huja Singidani wenyewe, bila kufugwa uani kwa mtu. Muuza duka, mwanafunzi na mama aliyetoka sokoni wanaweza kukaa juu ya jiwe moja wakawatazama, na hakuna anayewadai kiingilio.

Zanzibar ilichukua miaka mingi kabla upepo wa baharini haujawa wa kila mtu. Hapa kwetu upepo wa ziwani ni wa wote tayari. Mji unapanuka na viwanja vya ufukweni vinatamaniwa; anayegawa ardhi aache njia ya kufikia maji, pana ya kutosha mtoto kupita akikimbia.