Ufunguo wa ghorofa ya tisa

Mahakamani New York, Desemba 1911, mwendesha mashtaka alimbana Isaac Harris, mmoja wa wenye kiwanda cha blauzi cha Triangle: mali iliyoibwa na wafanyakazi wake ilikuwa na thamani gani hasa? Harris akakubali kwamba haizidi dola 25. Kwa ajili ya wizi huo, mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa ukifungwa kwa ufunguo, ili washonaji wote wapitie upande mmoja na mikoba yao ikaguliwe.

Moto uliomfikisha mahakamani ulizuka Machi 25 mwaka huohuo, Jumamosi jioni, watu wakijiandaa kurudi nyumbani. Ulianzia ghorofa ya nane, penye marundo ya mabaki ya vitambaa. Wa ghorofa ya kumi, wakiwemo wenye mali, walipigiwa simu wakatorokea paani. Wa ghorofa ya tisa hawakuambiwa na mtu. Mlango haukufunguka, ngazi ya chuma ya nje ilianguka na waliokuwa juu yake, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Wengi wakajirusha madirishani. Waliokufa ni 146, kati yao wanawake 123, wengi wao wahamiaji vijana, Wayahudi na Waitaliano.

Na washonaji walikuwa wameshalalamika. Novemba 1909 Clara Lemlich, msichana mshonaji, alisimama katika ukumbi wa Cooper Union akadai mgomo wa jumla, wakagoma maelfu. Viwanda vingi vilikubaliana na chama chao cha wafanyakazi, Triangle haikukitambua.

Harris na mwenzake Max Blanck waliachiwa huru, kwa kuwa haikuthibitika kwamba walijua mlango ule umefungwa saa ile. Mwaka 1913 Blanck alishikwa tena amefunga mlango wa kiwanda kingine. Faini: dola 20.

Basi mageuzi hayakutoka mahakamani. Yalitoka, ajabu, kwa Tammany Hall, genge la wanasiasa lililosifika kwa rushwa. Wanasiasa wake wawili, Robert Wagner na Al Smith, waliongoza tume ya uchunguzi wa viwanda. Huruma ilikuwepo, lakini na hesabu ya kura za wahamiaji ilikuwepo, nami sioni haja ya kuvitenganisha. Zikapatikana sheria za milango ya kutokea, mazoezi ya kukimbia moto, na kikomo cha saa 54 kwa wiki kwa wanawake.

Miongoni mwa waliofanya kazi na tume alikuwa Frances Perkins, aliyewaona kwa macho yake wasichana wale wakidondoka. Mwaka 1933 Rais Roosevelt alimteua Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Sheria ya 1938 aliyoipigania iliweka kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi zilizobeba Wamarekani Weusi wengi wa kusini, waliachwa nje.