Mshikio wa Chini

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, kabla barabara haijaanza kujipinda mlimani, unapita Zigi. Hapo pana nyumba ya mkuu wa stesheni iliyojengwa na Wajerumani, na leo wageni wa hifadhi ya Amani hupokelewa humo. Reli yake ilikuwa nyembamba, sentimita 75 tu. Ilichepuka Tengeni kutoka njia ya Tanga ikaja karibu kilomita 23, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha magogo. Nilipofika huko mwaka 1978, kijana wa miaka 17 kutoka Mufindi, hapakuwa na treni. Mbao zilishuka mabegani mwetu.

Nilidhani nimeajiriwa kupasua mbao. Miezi miwili ya kwanza sikuugusa msumeno. Nilichota maji, nikasonga ugali, nikachemsha dagaa, nikabeba mbao mbichi za mvule hadi barabarani, bega moja likichubuka nahamia la pili. Fundi wangu, mzee wa Kilolo, hakuniambia ni kwa nini. Nilikuja kuelewa baadaye: aliyebeba mbao iliyopinda kwa saa mbili haisahau, na akipewa msumeno anajua anamtesa nani akiharibu mstari.

Kisha nikashushwa shimoni. Gogo huinuliwa juu ya jukwaa la nguzo lililoegemezwa kwenye mteremko, na chini yake huchimbwa nafasi ya mtu kusimama. Uzi uliolowekwa katika unga mweusi wa betri chakavu huvutwa juu ya gogo na kuachiwa mara moja, ukaacha mstari. Fundi husimama juu, mwanafunzi chini. Meno ya msumeno hula yanaposhuka, kwa hiyo mvutaji mkuu ni yule wa chini, asiyeuona mstari kabisa, na vumbi lote la mbao humwangukia usoni. Siku ya kwanza niliinua macho nione tumefika wapi. Yalivimba hadi kesho yake.

“Mdogo wangu, inamisha kichwa uvute,” aliniambia. “Mstari ni wangu.”

Maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko nilivyoyasikia siku ile. Ubao ukienda upande, lawama ilikuwa ya aliye juu. Mwanafunzi aliruhusiwa kukosea, kwa sababu mikono miwili mingine ilikuwa imeshika msumeno uleule na ilisikia kosa lake lilipoanza tu. Nikivuta kwa hasira alijua. Nikichoka alijua kabla sijasema, akaomba kabari na chupa ya mafuta ya taa ya kupakia msumeno, hata kama haukuwa umekwama.

Baada ya mwaka nilipewa tupa ya kunolea meno, halafu nikafundishwa kuangusha mti. Misitu ya Usambara Mashariki ina mitambaazi inayofunga mti mmoja na mwingine huko juu, na mti mkubwa kama mtambara ukianguka unaweza kung'oa tawi la jirani yake likakujia kutoka nyuma. Tulifyeka njia mbili za kukimbilia kabla shoka halijainuliwa. Tena fundi alinishikisha kiganja kwenye shina wenzangu wakikata, mpaka nikaujua mtetemo unaotangulia mlio.

Katikati ya miaka ya 1980 Serikali ilianza kuzuia uvunaji katika misitu ile, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ilikuwa haki, niliona mwenyewe vijito vikipungua chini ya miteremko tuliyoivua nguo. Nikarudi nyumbani, kwenye misindano ya Sao Hill, shamba lililoanza kwa majaribio mwaka 1939.

Huko nilikuta chenso, msumeno wa injini. Inafanya kwa dakika chache kazi iliyotuchukua nusu siku, nami sitamani kurudi shimoni. Lakini chenso inashikwa na mtu mmoja. Mwajiri wangu mmoja alimwajiri kijana Jumatatu, Jumatano akamkabidhi mashine. Mti alioukata ukaegemea mwenzake bila kufika chini, naye akaenda kuukata ule uliouzuia, akiwa amesimama chini ya wa kwanza. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa ameshika kitu pamoja naye.

Nilipopewa kikosi cha wakataji, niliweka utaratibu wangu: kijana mgeni anatembea nyuma ya mkataji mmoja wiki tatu, anafyeka njia za kukimbilia, anashika shina kwa kiganja na kusema mti utalala wapi kabla haujakatwa. Wasimamizi walinung'unika kwamba nalipa watu wa kutazama. Nilinung'unikiwa miaka kumi na moja.

Msumeno wa shimo una mshikio wa chini unaochomolewa ili bapa liweze kutolewa kwenye gogo. Kule kambini fundi aliuchukua kila jioni, akamkabidhi mwanafunzi kila asubuhi. Siku nilipopanda juu ya jukwaa nilitakiwa kumpa kijana aliyefuata. Kambi ilipofungwa, wa mwisho aliniletea, akainama, “Shikamoo, fundi,” akaondoka. Uko nyumbani kwangu Mafinga. Mti wake umelika sehemu mbili, na vidole vyangu vikikaa humo havijazi: waliouchimba ni wengi kabla yangu.