Jamaa Asiyerithi: Utumishi wa Majumbani Unguja na Kijakazi wa Adam Shafi

Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, husomwa zaidi kama riwaya ya Mapinduzi ya Zanzibar, nayo ni hivyo. Lakini kwa mwanahistoria uzito wake uko kwingine, katika uhusiano wa mwenye shamba kijana, Fuad, na mtumishi wake mzee, Kijakazi, ambaye aliitumikia nyumba ile umri wake wote, akampenda bwana wake kama mzazi ampendavyo mwana, na akalipwa dharau. Ni rahisi kumhukumu Fuad kuwa ni mtu muovu tu, aliyeharibiwa na malezi ya kudekezwa. Historia ya majumba ya Unguja haimtetei, lakini yaonyesha kwamba utovu wake wa shukrani ulirithiwa pamoja na mikarafuu.

Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja na kilimo cha karafuu kustawi, watumwa wa majumbani walitofautishwa na wa mashambani, na miongoni mwao wazalia, yaani wale waliozaliwa utumwani humo humo kisiwani, waliwekwa daraja ya juu kuliko wajinga, jina walilopewa walioletwa karibuni kutoka bara. Mzalia alijua lugha, dini na adabu za nyumba, na kwa sababu hiyo ndiye aliyekabidhiwa watoto. Mtumwa aliyemnyonyesha mtoto wa bwana alikuwa, kwa sheria ya Kiislamu, mama yake wa kunyonya, na mtoto huyo hakuweza kumwoa binti wa yaya wake kama asivyoweza kumwoa dada yake wa damu. Hata hivyo undugu wa kunyonya huharimisha ndoa bila ya kuleta urithi. Mwanamke huyo, basi, aliweza kuwa mama na mali kwa wakati mmoja, na bwana aliyefariki aliweza kumwacha katika tereka, yaani mali inayogawiwa warithi, ambao mmoja wao alikuwa amekua kwa maziwa yake.

Suria, mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kinyumba, alikuwa na hali tofauti kidogo, kwa kuwa mtoto wake alizaliwa huru na kurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sultan Majid na Sultan Barghash, wana wa Seyyid Said, wote walizaliwa na masuria, na vivyo hivyo dada yao Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Inashangaza kidogo kwamba binti huyo wa suria, ambaye mwenyewe alinyimwa na ndugu zake sehemu ya urithi aliyoidai baada ya kubadili dini na kuolewa na Mjerumani, alitumia kurasa kadhaa za kitabu chake kuutetea utumwa wa nyumbani kwao.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini nyumba hazikuguswa. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sultan Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Waingereza, ilifuta utumwa mbele ya sheria kwa masharti: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, fidia alilipwa bwana, na aliyeachiwa huru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909, kwa hoja kwamba walikuwa kama wake. Kwa mtumishi aliyezeeka katika ua wa bwana wake, sharti la makazi lilikuwa zito kuliko minyororo, kwani ua ule ndio uliokuwa makazi pekee aliyoyajua, na wengi hawakwenda mahakamani. Mashambani, waliobaki waligeuka maskwota, yaani wakaazi wa shamba la mwingine walioruhusiwa kupanda muhogo chini ya mikarafuu kwa kupalilia, bila ya hati yoyote. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, baadhi yao walifukuzwa kwa sababu za kisiasa na mabwana ambao wazee wao walikuwa wamewaita watu wa nyumbani.

Kijakazi ni mtu wa kipindi hicho cha baada ya amri. Jina lake ni neno la kawaida la mtumwa wa kike, na hakuna aliyeona haja ya kumpa jingine. Mohamed Suleiman Mohamed, katika riwaya yake Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, alikwisha kuonyesha kwamba damu nayo haikutosha: Rehema, binti wa mwenye mashamba ambaye naye, kwa sadfa, aitwa Fuad, abaguliwa kwa weusi wa ngozi yake katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Franz Kafka, katika hadithi yake ya mwaka 1915, alilazimika kumgeuza Gregor Samsa mdudu ndipo familia aliyoilisha imtupe. Waandishi wa Unguja hawakuhitaji ajabu hiyo, kwa kuwa desturi iliyowazunguka ilikuwa imeshaifanya kazi yote.

Shafi hakuishia kwenye kumhurumia Kijakazi. Mapinduzi ya Januari 1964 yanapouangusha utawala wa kina Fuad, utii wa mzee huyo hauanguki siku hiyo hiyo. Amri ya serikali yaweza kutaifisha mashamba, kama ilivyofanyika Machi mwaka ule, na kugawa eka tatu tatu kwa wakulima, lakini Kijakazi hakuwa akifanya kazi kwa ajili ya shamba. Alikuwa akimfanyia kazi mtoto aliyemwona akikua.